Ng'ombe Kumi na Saba na Nyota ya Mukhwasi

Kabla sijaingia kwa ile aibu yenyewe (na ni aibu kweli, hata mke wangu akitaka kunishinda kwa mabishano anataja tu neno moja, nyota, na mimi nanyamaza natafuta kofia), wacha nianze na ng'ombe, kwa sababu bila huyo ng'ombe mambo ya nyota hayangekuwa.

Nilikuwa kijana wa kama miaka kumi na tisa, nimetoka darasa la tatu miaka mingi, lakini namba nilikuwa najua vizuri, na kwa hizo namba nikapata kazi kwa shamba la mzungu mmoja upande wa Endebess, mzungu tulimuita Bwana Kipara ijapokuwa alikuwa na nywele nyingi sana, sijui ni nani alianzisha. Kazi yangu ilikuwa kitabu cha maziwa. Wenzangu wanakamua, mimi nasimama na penseli kwa sikio, ng'ombe wa kwanza paundi ngapi, wa pili paundi ngapi, asubuhi na jioni, naandika. Siku moja ng'ombe namba kumi na saba alipita chini ya waya usiku akaenda kwa majirani kutafuta dume. Asubuhi hayuko. Sasa mimi ningeandika nini? Niliacha mstari wake mtupu, nikaona hiyo ndiyo haki, hakuna ng'ombe hakuna maziwa.

Saa nne Bwana Kipara akaja akafungua kitabu. Akaona ule mstari mtupu. Hakupiga kelele. Aliita wafanyikazi wote, hata wale wa kupalilia mahindi, hata mpishi, wakaja wakapanga laini pale boma la kukamulia, kisha akachukua ile bati ya namba kumi na saba, ile ng'ombe huvaa, akanivalisha shingoni kwa kamba, akaniingiza mahali ng'ombe anasimama, akafunga lile komeo la shingo, akasema na Kiswahili chake: "Kumi na saba iko hapa sasa. Kamua."

Hakuna mtu alinikamua, asante Mungu, lakini watu walicheka mpaka mpishi akakaa chini kwa kinyesi bila kujua. Nilisimama pale mpaka saa sita nikiangalia nyasi kavu. Na kwa miaka sita niliyokaa kwa hilo shamba hakuna aliyeniita kwa jina la baba yangu, niliitwa Kumi na Saba, hata mtoto mdogo, "Kumi na Saba, umeamkaje?" Basi siku hiyo niliapa kwa roho yangu kwamba mimi na mstari mtupu tumeachana. Ng'ombe akikosa, nachukua maziwa yake ya jana na ya juzi, nagawanya kwa mbili, naandika. Na hakuna siku Bwana Kipara alijua, kwa hivyo niliona hiyo ndiyo kazi safi.

Sasa ng'ombe tumemaliza, tukuje kwa mukhwasi.

Sisi ni watu wa kutoka kule Mkoa wa Kati, wazazi wangu walikuja Kitale kutafuta shamba, na mimi nilibaki hapo hapo nikaoa nikazaa. Msichana wangu Wanjiru aliolewa Bungoma, Mabanga, kwa Wabukusu, na baba ya huyo kijana aliyemuoa alikuwa mwalimu mstaafu, tulimuita Mwalimu tu. Kwa Wabukusu, baba wa msichana na baba wa kijana wanaitana mukhwasi, na hilo si jina la mchezo. Mbele ya mukhwasi huwezi kukaa ovyo, huwezi kula ukibakisha, huwezi kumwambia hapana, na ukikohoa unageuka. Na kwetu pia ni hivyo hivyo, kwa hivyo mimi na Mwalimu tukikutana tulikuwa kama watu wawili wamebeba mayai, kila mmoja anaogopa kumgonga mwingine. Kwao kuku akichinjwa, firigisi ni ya mtu wa heshima, na Mwalimu kila nikienda aliitoa kwa sahani yake akaiweka kwa yangu, mbele ya watu wote. Nyinyi hamjui vile firigisi kama hiyo inashuka kwa koo. Mtu aliyefungwa kwa komeo la ng'ombe akapewa firigisi na mwalimu!

Huyu Mwalimu alikuwa na ugonjwa wa nyota. Wazungu walipokuwa wanauza vitu vyao Kitale ili waende, yeye akiwa kijana alikwenda kununua kiti, akarudi na kiti na kitabu kizito ambacho muuzaji alimuongezea kwa sababu hakuna mtu alikitaka. Kumbe ni katalogi ya nyota. Si nyota zote, hapana, ni zile geugeu, zinawaka leo, zinafifia mwezi ujao, zingine zinapotea kabisa halafu zinarudi kama kijana aliyetoroka shule. Watu wa zamani walikuwa wameziangalia usiku baada ya usiku wakaandika, na Mwalimu kazi aliyojipa tangu astaafu ni kuangalia zile nyota na kulinganisha na kile kitabu, kama bado zinafanya vile wazee waliandika ama zimebadilisha mwendo. Akipata tofauti anaandikia watu wa chuo kikuu Nairobi. Hawakuwa wanajibu.

Sasa shida yake ilikuwa mawingu. Akaniambia siku moja tukila (ilikuwa mwaka wa elfu mbili na moja, mwezi wa tisa unaisha): "Mukhwasi, mawingu ya Bungoma si mawingu ya Kitale. Nikiwa na mtu wa kuangalia kule, hapa kukifunga kule kutakuwa wazi. Na ushahidi wa watu wawili hauwezi kukataliwa."

Mimi nikasema ndiyo. Ningesema nini, na firigisi iko mdomoni?

Akanitoa nje hiyo jioni akanionyesha nyota moja nyekundunyekundu, upande jua linatoka, iko katikati ya nyota zingine alizosema ni picha ya nyangumi, mimi sikuona nyangumi wala samaki wa kawaida. Hiyo nyota ilikuwa na jina la Kilatini, lakini aliposema kwamba huwa inapotea miezi mingi halafu inarudi, nikajua jina lake. Kumi na Saba. (Sikumwambia, ni kwa roho tu niliipa nyota lile jina langu la Endebess.) Akanifundisha: unaiangalia, unaangalia jirani zake ambao namba zao zinajulikana, unasema hii inazidi ile na inashindwa na ile, unaandika namba. Namba ndogo ndiyo nyota kali, namba kubwa ndiyo hafifu, kama shuleni, wa kwanza ndiye mkali na wa tisa ni wa nyuma. Hiyo niliielewa upesi kwa sababu shuleni nilikuwa wa nyuma.

Akanipa daftari yenye mistari, tarehe zote ameshaandika kwa mkono wake kando kando, mwaka mzima na zaidi. Na ili nijue vile hiyo nyota inatembea, akaninakilia kutoka kwa kile kitabu cha zamani mwaka mmoja mzima, tarehe na namba, vile mzungu fulani aliyekufa kitambo aliiona. Hapo ndipo alipokosea, maskini. Alinipa maswali na majibu siku moja.

Wiki tatu za kwanza niliangalia, na naapa. Nilikuwa natoka na koti na kiti, nakaa nyuma ya ghala ya mahindi, na Mama Wanjiru anauliza ndani, "Baba Wanjiru, umepoteza nini huko juu?" Naandika tatu na nusu, naandika nne. Nilikuwa najisikia mtu mkubwa. Halafu ikanyesha. Kitale mwezi wa kumi ikitaka kunyesha inanyesha tu, haikuulizi. Nikakaa ndani nikafungua daftari, nikaona ile tarehe na mbele yake hakuna kitu, na nawaambia ukweli, nilisikia lile komeo likinishika shingo. Nilisikia mpaka harufu ya lile boma.

Nikatoa ile karatasi ya mzungu, nikatafuta tarehe ile ile, nikanakili namba yake. Moja tu. Hilo ndilo kosa lote, marafiki, namba moja, siku ya mvua, na chai iko hapo.

Kesho yake mvua tena. Keshokutwa kulikuwa na matanga. Halafu nikaona kwamba jumapili baada ya kanisa mtu anaweza kujaza wiki nzima akiwa amekaa vizuri. Kufika krismasi nilikuwa najaza mwezi mzima mara moja, kwa kalamu ya wino, na mwandiko mzuri kuliko ule wa mtu anayetetemeka na baridi nyuma ya ghala. Na sikuona kama ni uongo! Niliona kitabu kimeandikwa na mtu aliyesoma, kimechapishwa, kina jalada gumu, kwa hivyo ndicho kinajua, na nyota ikifanya tofauti na kitabu basi nyota ndiyo imekosea. Tena mwezi wa nne na wa tano ile karatasi ya mzungu ilikuwa na mistari mitupu tupu, mwezi wote! Nikasema huyu mzungu alikuwa mvivu, angekuwa kwa Bwana Kipara angevalishwa bati. Nikachukua namba ya mwisho kabla ya ule utupu na ya kwanza baada yake, nikagawanya kwa mbili, nikamjazia.

Kila mwisho wa mwezi napeleka daftari Mabanga. Mwalimu anafungua, anaweka ya kwake kando, anapitisha kidole pole pole. Ya kwake aliandika kwa penseli na ilikuwa imejaa mapengo, "mawingu", "mawingu", "sikuona". Yangu hakuna pengo. Anatikisa kichwa. "Mukhwasi, una macho ya mwewe." Firigisi inakuja.

Mwezi wa kwanza nilimkuta hana raha. Akaniuliza kwa sauti ya chini, "Mukhwasi, hii nyota wewe unaiona inawaka hivi?" Karatasi ya mzungu wakati huo ilisema inawaka sana. Nikasema, "Inawaka, Mwalimu." Akasema yeye haioni kabisa tangu kabla ya krismasi. Mwezi uliofuata nikasikia kutoka kwa Wanjiru kwamba amekwenda kupimwa macho, ameambiwa ni mazima, amegombana na daktari, amekwenda kwa daktari mwingine, naye amemwambia ni mazima, akagombana naye pia, na mwishowe akanunua miwani kwa nguvu, mpaka yule wa kuuza alimuuliza ni ya nini. Akawa anavaa miwani na haoni vizuri kwa sababu macho yalikuwa mazima. Aligonga mlango wa choo. Na mimi nikala firigisi.

Hapo ningesema. Najua ningesema. Lakini unaanzaje kumwambia mukhwasi kwamba ulilala?

Basi ikafika mwezi wa kumi wa mwaka uliofuata, Mwalimu akalinganisha daftari yangu na kile kitabu cha zamani, mstari kwa mstari. Na akaona kitu ambacho hakuna mtu duniani alikuwa ameona, yaani hiyo nyota, ambayo kila mwaka huwa inachelewa ama kuwahi kalenda, imerudi kutembea siku kwa siku, namba kwa namba, vile ilivyotembea wakati wa babu zetu! Kama mzee ameamka asubuhi akakuta viatu vya ujana wake vinamtosha. Akawaandikia watu wa Nairobi barua ya kurasa sita. Na mara hii wakajibu. Wakasema wanatuma mtu.

Nilipoletewa habari nilikuwa nakata majani ya ng'ombe. Nilikaa juu ya hayo majani. Mama Wanjiru, ambaye alikuwa anajua na hakuwa amesema, akasimama juu yangu na mikono kiunoni.

"Baba Wanjiru, wewe uliangalia juu lini? Mimi kwa mwaka mzima nimekuona ukiangalia sufuria tu."

"Niliangalia wiki tatu."

"Sasa nenda useme ni wiki tatu."

"Nitasema."

"Utasema lini?"

"Si nitasema nikifika."

Tulifika mwezi wa kumi na moja, jumamosi saa tisa, na Mwalimu alikuwa ameita dunia. Kanisa limekuja na kwaya, jamaa zake wa Sirisia na wa Myanga wamekuja na nguo za harusi, naibu wa chifu amekuja na kofia yake, viti vimekodishwa, kuku sijui ngapi wamelia hapo nyuma. Wanjiru wangu anazunguka na birika akitabasamu, anaonyesha watu, "Yule ndiye baba yangu." Mwalimu hakuwa na miwani siku hiyo, alikuwa amevaa suti ya kahawia, na alinishika mkono na mikono yote miwili. Akaniambia kwa sikio: "Mukhwasi, miaka kumi na moja nimewaandikia. Leo wamekuja."

Sasa niambieni, hapo ningesema?

Mgeni wa Nairobi tulidhani ni mzee wa ndevu. Akashuka msichana wa umri wa Wanjiru, viatu vya mpira, begi mgongoni, kumbe ndiye Daktari, wa nyota, si wa hospitali. Akasalimia watu wote kwa mkono, akakataa kiti cha heshima, akaomba daftari zote mbili na kile kitabu, akakaa kwa meza chini ya turubai akaanza kusoma. Kwaya ikaimba nyimbo tatu. Yeye anasoma. Mchungaji akaomba. Yeye akafunga macho kidogo, akasoma tena. Nikaona anarudi nyuma kwa daftari yangu, anakuja mbele, anarudi nyuma.

"Mzee," akasema, na kwa adabu sana, "hapa mwezi wa nane umeandika tisa. Ulitumia darubini gani?"

Nikasimama. "Macho tu."

"Macho haya?"

"Hata mengine sina."

Watu wakacheka vizuri. Daktari akaeleza kwamba nyota ya namba sita ndiyo mwisho wa macho ya binadamu, na ya tisa inataka darubini ndefu. Watu waliposikia hivyo wakapiga makofi! Naibu wa chifu akasimama akapiga makofi akiwa amesimama. Mama mmoja wa Myanga akapiga vigelegele, akasema, "Hayo ndiyo macho, bana! Si mnaona? Hatukuoa kwa watu wa mchezo!" Na mimi mjinga nikainua mkono nikawapungia, kama mbunge.

Daktari akangoja makofi yaishe. "Na mwezi wa nne, Mzee? Na wa tano? Naona uliona kila siku."

"Kila siku," nikasema. Nilikuwa bado na joto la makofi.

"Ni kwamba mwezi wa nne hiyo nyota inatoka na jua na inaingia na jua. Iko mchana. Hakuna mtu anaweza kuiona, hata huyu wa kitabu aliacha pengo."

Mara hii makofi yalikuwa machache. Ni kama watu hawakujua wapige ama wasipige. Mwalimu alikuwa ananiangalia, na hakuwa ananishuku, hilo ndilo liliniumiza, alikuwa anangoja nimjibu huyu msichana jibu la kumaliza.

Nikasema: "Kitale tuko juu."

Kweli nilisema hivyo. Kitale tuko juu.

Naibu wa chifu akaona heshima ya eneo lake inaenda, akasema hakuna haja ya maneno mengi, jua limeshaingia, giza hilo linakuja, si mzee aonyeshe tu nyota yenyewe na mambo yaishe? Watu wote wakasema ndiyo. Wakatoka chini ya turubai, wakanisukuma mbele, kanisa lote, bakhwasi wote, yaani wakwe wote, na Wanjiru na birika lake. Nikainua macho. Jamani! Nyota za Mungu ni nyingi. Nilikuwa sijaziangalia zaidi ya mwaka, na pale nilipodhani itaonekana, upande wa kutoka jua, hapakuwa na nyekundu yoyote. Nikatafuta. Jasho. Nikashuka chini kidogo na macho, chini kidogo, chini zaidi, na hapo juu ya kilima upande wa Webuye nikaona moja, nyekundu, safi, imesimama peke yake, na roho yangu ikaruka kwa furaha kwa sababu nilidhani Mungu amenihurumia.

"Ile pale!" nikasema, na kidole.

"Naiona!" mchungaji akasema.

"Naiona! Naiona!" Mama wa Myanga akambeba mtoto juu aone. "Haleluya, inawaka!" Hata Mwalimu akainama akafuata kidole changu, akasema pole pole, "Naiona, Mukhwasi," na sauti yake ilikuwa imejaa machozi.

Naibu wa chifu akakohoa. "Mzee, hiyo ni taa ya busta."

"Ya nini?"

"Busta ya simu. Ile minara mipya ya simu za mkono. Mimi mwenyewe nilikuwa pale wakiisimamisha, ni ya mwezi jana."

Na hiyo nyota, kama inataka kunimaliza, ikazima. Ikawaka. Ikazima.

Daktari hakucheka, nitamheshimu mpaka nife. Alisema tu, akielekeza kwa mkono, kwamba Nyangumi yuko pale, juu zaidi, na kwamba hiyo nyota wiki hii haionekani kwa macho, imefifia, iko saba ama zaidi. Na daftari yangu ya wiki hiyo ilikuwa inasema nne. Basi kicheko kikaanza nyuma, kwa kwaya, sauti ya pili, kikaja mbele kama moto wa nyasi. Mama Wanjiru peke yake hakucheka. Alikuwa anaangalia chini akivuta kitambaa chake.

Tukarudi kwa meza, taa ya mafuta ikawashwa, chakula kikaletwa. Daktari akaniambia kwa upole kwamba mstari mtupu si kosa, ni habari, unasema siku hii hakuna aliyeangalia, na hiyo wanaitumia. Ubaya ni mstari uliojaa bure. Kisha akasema hakuna shida kubwa, kwa sababu daftari ya Mwalimu iko, na ya Mwalimu ina mapengo ya haki, watatumia hiyo.

Mwalimu alikuwa amekaa na mikono kwa magoti. "Hapana," akasema.

"Kwa nini, Mwalimu?"

"Yangu nilifuta." Hakuniangalia. "Kila mwezi Mukhwasi akileta yake, nikiona ya kwangu ni tofauti, nilisema macho yangu yamezeeka. Singeweza kumwambia Mukhwasi amekosea. Nilifuta nikaandika kama yake."

Hapo kicheko kikaisha, hata cha kwaya.

Fikirieni. Mtu amesimama kwa baridi mwaka mzima, ameona kitu cha kweli, akakifuta kwa raba ili asinivunjie heshima mimi niliyekuwa nimelala.

Daktari akanisukumia daftari yangu na kalamu. Akasema, "Mzee, weka tiki kwa zile ulizoona wewe mwenyewe. Hata kama ni chache. Hizo tutazichukua." Nikaanza. Wiki tatu za kwanza nilizijua zote, hii nilikuwa na mafua, hii mbwa wa jirani alinifuata, tiki, tiki, tiki. Nikafika ile siku ya mvua. Nikafungua ukurasa. Hakuna. Nikafungua mwingine. Hakuna. Upande mzima wa tiki mweupe, chini mpaka mwisho, na ule mkono wangu, mkono wa Bwana Kipara, ulikuwa unawasha kutaka kujaza. Si ningeweka hata mbili tatu? Nani angejua? Nikageuza kurasa zote mpaka jalada la nyuma, na kwa mara ya kwanza tangu boma la Endebess niliacha mistari mitupu vile ilivyo. Nikaweka kalamu juu yake.

Wakati huo Daktari alikuwa amechukua daftari ya Mwalimu, ameiinamisha kando ya taa, ameweka jicho karibu na karatasi. "Mwalimu," akasema, "wewe unabonyeza penseli sana?"

"Mimi ni mwalimu," Mwalimu akasema. "Nabonyeza."

"Njoo uone. Raba imetoa rangi, lakini mtaro umebaki. Hii ni tano?"

Mwalimu akainama. Akasema sita. Akasema hapana, tano, tano na nusu, naikumbuka hiyo, kulikuwa na upepo. Mchungaji akainama. Naibu wa chifu akavua kofia akainama. Mama wa Myanga akashika taa, "Inamisha huku, inamisha huku," watu wakazunguka meza wakabishana kama ni tatu ama tano, na Wanjiru wangu anaandika kwa karatasi mpya zile namba zikitajwa, na pale zilipokuwa hazisomeki nikasikia Mwalimu akimwambia, "Hiyo acha wazi, mama. Acha wazi."

Kwa sahani yangu kulikuwa na firigisi. Sijui aliiweka saa ngapi, kabla ya busta ama baada. Sikuigusa.

Nikamgusa Mama Wanjiru bega nikamwambia naenda haja ndogo. Akaniangalia, akasema, "Chukua koti." Nikapita nyuma ya jikoni, nikapita choo (ule mlango Mwalimu aligonga), nikapita ua wa michongoma, nikafika barabara kubwa, na ile taa ya busta inanikonyeza mbele mpaka Webuye. Mke wangu alirudi Kitale kesho yake na kofia yangu. Wanjiru huja kutuona yeye, mimi siendi. Kwa Mwalimu, hata leo, mimi bado niko haja ndogo.